Kazi Tatu za Alama ya 32

Katika ASCII, jedwali la kuzipa herufi na alama za kompyuta namba lililotolewa mwaka 1963, nafasi tunayoiacha kati ya neno na neno ilipewa namba 32, na namba hiyo haijabadilika hadi leo. Alama hiyo haina umbo wala haionekani, na ndiyo maana watu wengi huidhania kuwa si kitu. Kazi yangu kwa kiasi kikubwa ni kuandaa hati za watu wengine kwa ajili ya kuchapishwa, karatasini na kwenye tovuti, na ninaweza kusema bila kusita kwamba nafasi na miisho ya mistari hunila muda kuliko tahajia. Wala tatizo si uzembe wa waandishi. Tatizo ni kwamba alama hiyo moja imebebeshwa kazi tatu ambazo si lazima ziende pamoja: kutenganisha neno na neno, kuonyesha mahali ambapo mstari unaruhusiwa kukatwa, na kuweka upana fulani wa weupe kwenye ukurasa. Kazi hizo zinapokubaliana hakuna anayezitambua. Zinapogongana, hati huharibika, na mwandishi hajui pa kuanzia kulitafuta kosa.

Enzi za taipureta mgongano huo haukuwapo, kwa kuwa mashine ilijua upana tu. Ukibonyeza kibao cha nafasi, behewa la karatasi lilisogea hatua moja. Mahali pa kukata mstari paliamuliwa na mpigaji mwenyewe baada ya kusikia kengele. Hata mwisho wa mstari ulikuwa mwendo wa chuma: behewa lirudi mwanzo, kisha karatasi ipande. Miendo hiyo miwili ilirithiwa kama alama mbili, namba 13 na namba 10, na ndiyo asili ya ugomvi wa muda mrefu kati ya Windows inayoandika zote mbili, mfumo wa Unix unaoandika ya 10 peke yake, na kompyuta za Macintosh za zamani zilizoandika ya 13 peke yake. Siku hizi programu nyingi huzipokea zote kimyakimya, kwa hiyo sitakaa hapo.

Jambo kubwa lilitokea kompyuta ilipoanza kuijaza mistari yenyewe. Mwaka 1964, katika chuo cha MIT, Jerome Saltzer aliandika programu iitwayo RUNOFF. Mwandishi aliingiza maneno yake bila kujali mistari inaishia wapi, kisha programu ikayaokota yote na kuyapanga upya kulingana na upana wa ukurasa. Kuanzia hapo mwisho wa mstari katika faili haukuwa tena mwisho wa mstari katika hati. Uligeuka kuwa nafasi ya kawaida. Lakini mwandishi alihitaji bado njia ya kusema kwamba hapa, kweli, mstari uishe. Watengenezaji wa programu za ukoo huo, ikiwemo troff ambayo Joe Ossanna aliiandika katika maabara ya Bell, waliweka kanuni ambazo mpaka leo zinamshangaza anayekutana nazo mara ya kwanza. Mstari usio na kitu hubaki mtupu katika hati. Mstari unaoanza kwa nafasi huulazimisha ule uliotangulia ukomee pale ulipofika. Mstari wa faili unaoishia kwa nukta huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, na hupewa nafasi pana zaidi baada yake. Nukta iliyo katikati ya mstari haipati heshima hiyo, kwa kuwa huenda ni ya kifupisho tu.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo niipendayo, kwa sababu inamtaka mwandishi aseme anachokikusudia badala ya kuiacha programu ibahatishe. Brian Kernighan, aliyefanya kazi katika maabara hiyo hiyo, aliwashauri watumiaji wa Unix mwaka 1974 waanze kila sentensi kwenye mstari mpya na waikate mistari yao mahali ambapo maana inapumua. Ushauri huo umedumu kuliko mashine aliyoitumia. Faili ikiandikwa hivyo, programu za kulinganisha matoleo mawili huonyesha sentensi iliyobadilika peke yake, ilhali aya iliyoandikwa kama mstari mmoja mrefu huonekana imebadilika yote hata kama kilichoongezwa ni mkato tu. Uhuru huo unawezekana kwa sababu moja: programu imekubali kwamba mwisho wa mstari katika faili hauna maana yoyote kwa msomaji wa hati.

Mtu aliyeyafikiria mambo haya kwa kina kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alianza kuitengeneza TeX, programu ya kupangia kurasa za vitabu, mwaka 1977, baada ya kukerwa na sura ya kurasa za majaribio za chapa mpya ya kitabu chake. TeX inaposoma faili, huwa katika mojawapo ya hali tatu. Mwanzoni mwa mstari inazipuuza nafasi zote, na ikifika mwisho wa mstari bila kukuta neno, inahesabu kwamba aya imekwisha. Katikati ya mstari, nafasi ya kwanza inapokelewa, na mwisho wa mstari hugeuzwa nafasi. Baada ya kupokea nafasi moja, inaingia katika hali ya kuziruka zote zinazofuata. Kwa hiyo nafasi kumi ni sawa na moja, na mistari mitupu mitano ni sawa na mmoja, na mwandishi ana uhuru wa kuipanga faili yake apendavyo.

Lakini hali hiyo ya tatu huingiwa pia baada ya amri inayoandikwa kwa herufi. Nafasi inayoifuata amri inahesabiwa kuwa imeishia kazi ya kuonyesha mwisho wa jina la amri, na haifiki kwenye ukurasa. Ukiandika \TeX ni programu, utapata jina lililogandana na neno linalofuata, na itakubidi uandike \TeX{} ni programu ili nafasi isalimike. Kinyume chake hutokea katika fasili za amri: mwisho wa mstari ndani ya fasili huleta nafasi ambayo hakuna aliyeiomba, ndiyo maana faili za wataalamu zimejaa alama ya asilimia kwenye miisho ya mistari, kila moja ikiumeza mwisho wa mstari wake. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ukatili. Mimi nauona kuwa na msimamo, ingawa siwezi kudai kwamba ni rahisi kumfundisha mgeni.

Maneno yakishasomwa, alama ya 32 inatoweka kabisa. Badala yake TeX huweka kitu ambacho Knuth alikiita gundi: weupe wenye upana wa kawaida, uwezo wa kutanuka na uwezo wa kubana. Katika fonti ya Computer Modern ya pointi 10, gundi ya kati ya maneno ina upana wa pointi 3.33, inaweza kutanuka kwa pointi 1.67 na kubana kwa pointi 1.11. Kubana kuna mpaka usiovukwa. Kutanuka hakuna mpaka, ila kuna gharama: programu huhesabu ubaya wa mstari kwa kuchukua uwiano wa mtanuko uliotumika na ule ulioruhusiwa, kuukuza kwa kipeo cha tatu, na kuzidisha kwa 100. Mstari uliotanuka kufikia kiwango chake una ubaya wa 100. Uliotanuka mara mbili ya hapo una ubaya wa 800. Kipeo cha tatu kinalingana vizuri na jicho la msomaji, ambalo husamehe tofauti ndogo za weupe na kukasirishwa upesi na kubwa.

Ruhusa ya kukata mstari nayo inashughulikiwa kivyake, kwa namba iitwayo adhabu. Adhabu ya 10000 inakataza kabisa kukata mahali hapo, ile ya hasi 10000 inalazimisha, na zilizo katikati zinashawishi tu. Katika mpangilio wa msingi, kukata neno kwa kistari kuna adhabu ya 50. Alama ya wimbi (~), ambayo mtumiaji wa TeX huiandika kati ya cheo na jina la mtu ili vitu hivyo viwili visitengane, si nafasi ya aina ya pekee. Ni adhabu ya 10000 ikifuatiwa na gundi ya kawaida kabisa, inayotanuka na kubana kama nyingine zote. Hapo kazi mbili kati ya zile tatu, upana na ruhusa, zimetenganishwa waziwazi, na sijaona programu iliyowahi kujutia kufanya hivyo.

Utengano huo ndio uliofungua njia ya kuukata mstari kwa busara. Programu nyingi hukata kwa pupa: zinajaza mstari wa kwanza kadiri zinavyoweza, zinahamia wa pili, na hazirudi nyuma. Tuchukue maneno haya, kwenye safu yenye upana wa herufi 12: sisi sote tu wahariri wachapakazi. Njia ya pupa itaweka "sisi sote tu" kwenye mstari wa kwanza, na kuujaza barabara bila kubakiza kitu. Mstari wa pili utapata "wahariri" peke yake, kwa kuwa "wachapakazi" halitoshei hapo, na nafasi nne zitabaki wazi. Ukipima hasara kwa kipeo cha pili cha nafasi zilizobaki, umepata 0 na 16. Lakini kama programu ingekubali kuacha nafasi tatu wazi kwenye mstari wa kwanza, "sisi sote", mstari wa pili ungekuwa "tu wahariri" na kubakiza nafasi moja tu. Hasara ni 9 na 1, jumla 10, na mstari wa tatu haujabadilika. Ukamilifu wa mstari wa kwanza ulinunuliwa kwa kuuumiza wa pili.

Kuona mbali namna hiyo kunahitaji aya nzima ipimwe kwa pamoja, na hapo ndipo hesabu inapotisha: aya yenye mahali 99 pa kukatia ina njia za kukatwa zinazofikia 2 kwa kipeo cha 99. Knuth na mwanafunzi wake Michael Plass walichapisha mwaka 1981 njia ya kuupata mpangilio bora bila kuzipitia zote. Kila panapoweza kukatwa, programu hukumbuka tu njia iliyo nafuu kuliko zote ya kufika hapo na kuzisahau nyingine, kwa kuwa njia ghali ya kufika mahali haiwezi kuwa sehemu ya mpangilio bora kutoka hapo kwenda mbele. Inapitia aya mara ya kwanza bila kukata neno lolote kwa kistari. Ikishindwa kupata mistari inayovumilika, inapitia tena, safari hii ikiruhusu vistari. Ikishindwa hata hapo, inaacha neno lichomoze kwenye pambizo na kutoa onyo. Wanafunzi hulilalamikia onyo hilo kuliko kitu kingine chochote katika TeX, nami niko upande wa programu: neno lililochomoza linaonekana na linaweza kurekebishwa, kumbe mstari uliotanuliwa kwa siri mpaka maneno yake yakawa visiwa hufika kwa msomaji bila mtu kuulizwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vichakata maneno vya ofisini havikuifuata njia hiyo mapema. Jibu lipo katika namna ya kuvitumia. Mtu anayechapa anautazama mstari wake ukijengeka, na hatapenda kuona mistari mitatu iliyo juu ikijipanga upya kwa sababu ameandika neno moja chini. Njia ya pupa haigusi kilichokwisha pita, na kwa kazi ya kuchapa huo ni wema. Adobe InDesign, iliyotoka mwaka 1999, iliwaletea wachapaji wa kibiashara upangaji unaotazama mistari mingi kwa pamoja, nao walikubali kuiona aya ikitikisika kwa sababu walichokihitaji ni ukurasa uliokamilika. Vivinjari vya intaneti vilichelewa zaidi. Mwaka 2023 Chrome ilianza kutambua agizo la text-wrap: balance, linalosawazisha urefu wa mistari ya vichwa vya habari, na baadaye mwaka huo huo text-wrap: pretty, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kuzuia neno moja fupi lisibaki peke yake kwenye mstari wa mwisho wa aya.

Vichakata maneno vina tatizo jingine, nalo ni kwamba vinamruhusu mwandishi atumie nafasi kama rula. Hati nyingi zinazonifikia zina jina na tarehe zilizosogezwa kulia kwa nafasi ishirini, zikaonekana sawa kwenye fonti ya mwandishi na kupinda kwenye fonti nyingine yoyote. Wengine hubonyeza Shift pamoja na Enter ili mstari ukatike bila kuanza aya mpya, katika aya iliyosawazishwa kingo zote mbili. Programu, ikiuona mstari ule kuwa si wa mwisho wa aya, huutanua ufike ukingoni hata kama una maneno mawili. Programu haijakosea. Imeambiwa kwamba mstari ukatike, haijaambiwa kwamba upana wake uachwe ulivyo, na mwandishi alidhani kwamba kwa kusema la kwanza amekwisha sema na la pili.

HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, iliufuata mtazamo wa RUNOFF na TeX: nafasi zote zinazofuatana, pamoja na miisho ya mistari na alama za Tab, huporomoshwa na kuwa nafasi moja. Kwa anayetaka kila kitu kibaki kilivyo, kulikuwa na kipengele cha pre, ambacho hutunza nafasi na kukataa kabisa kukata mstari. Hapo ndipo kasoro ilipojificha, kwa sababu kutunza nafasi ni jambo moja na kukataza kukata ni jambo la pili. Anayeonyesha mfano wa amri ndefu kwenye simu anahitaji la kwanza bila la pili. CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa hizo, ilijibu kwa kuongeza thamani moja baada ya nyingine kwenye sifa ya white-space: nowrap ikaporomosha nafasi na kukataza kukata, pre-wrap ikatunza nafasi na kuruhusu kukata, pre-line ikaporomosha nafasi na kutunza miisho ya mistari peke yake. Nilikuwa nikiyasahau majina hayo kila mara. Katika ngazi ya 4 ya CSS Text hatimaye sifa hiyo imegawanywa: white-space-collapse inaamua nafasi zipi zitunzwe, text-wrap-mode inaamua kama mstari unaweza kukatwa, na jina la zamani limebaki kuwa kifupisho kinachozijumuisha.

Kichekesho kikubwa zaidi kiko kwenye nafasi zinazobaki mwishoni mwa mstari, ambazo hakuna binadamu anayeziona. Katika Markdown, namna ya kuandika hati kwa alama chache za kawaida iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, nafasi mbili mwishoni mwa mstari zina maana kwamba mstari ukatwe hapo kwa lazima. Katika barua pepe zinazofuata utaratibu wa format=flowed, uliotolewa mwaka 1999, nafasi moja mwishoni mwa mstari ina maana iliyo kinyume kabisa: mstari haujaisha, uunganishwe na unaofuata. Wakati huo huo vihariri vingi vya waandishi wa programu huwekwa vifute nafasi zote za mwisho wa mstari kila faili inapohifadhiwa, vikiamini kwamba vinafagia takataka. Kihariri cha namna hiyo kikipita juu ya shairi lililoandikwa kwa Markdown, mishororo ya kila ubeti huungana kuwa aya moja. Kiwango cha CommonMark, kinachosanifisha Markdown, kimetoa njia mbadala ya kuandika mkwaju wa nyuma mwishoni mwa mstari, na hiyo ndiyo ninayompendekezea kila mtu, kwa kuwa angalau inaonekana.

Faili za Word na za LibreOffice nazo zimekutana na tatizo hilo chini ya pazia, kwa kuwa zote mbili zimejengwa juu ya XML, lugha ya kuhifadhi data kama maandishi yaliyowekewa alama. Word huhifadhi maneno katika vipande, na kipande kinachoanza au kuishia kwa nafasi kinapaswa kubandikwa xml:space="preserve", la sivyo nafasi ile hupotea na maneno mawili hugandana. ODF, muundo wa faili za LibreOffice, ilichagua njia nyingine: nafasi za ziada haziandikwi kama nafasi, bali kama kipengele kiitwacho text:s chenye namba inayosema ni ngapi. Anayeandika programu ndogo ya kutengeneza hati hizo huijua tofauti hiyo siku mteja anapomuuliza kwa nini majina ya watu yameshikana.

Unicode, jedwali la namba la alama za lugha zote, ilirithi alama ya 32 na kuizungushia ndugu wengi. Ipo U+00A0, isiyoruhusu kukatwa. Ipo U+202F, nyembamba na isiyokatwa, inayofaa kabla ya vipimo. Ipo U+200B, isiyo na upana wowote lakini inayoruhusu kukata. Ukiziangalia utaona ni zile kazi tatu zikichanganywa kwa namna mbalimbali. Mfano ninaoupenda ni wa U+FEFF, ambayo mwanzoni mwa faili ilitumika kutambulisha mpangilio wa baiti, na katikati ya matini ilitumika kukataza kukata. Ikawa programu ikiikuta haijui iifute au iitunze. Mwaka 2002, katika toleo la 3.2, Unicode iliipokonya kazi ya pili na kuikabidhi kwa alama mpya, U+2060.

Mahali pa kukata mstari kwa lugha zote panaelezwa katika kiambatisho cha 14 cha kiwango hicho, ambacho huipa kila alama daraja lake na kutaja ni madaraja gani yanayoweza kuachana. Kukisoma ni kuzinduka, hasa kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba pasipo nafasi mstari haukatwi. Kichina na Kijapani hukatwa karibu baada ya herufi yoyote, isipokuwa kwamba alama kama nukta na mabano ya kufunga haziruhusiwi kuanza mstari. Kithai huandikwa bila nafasi kati ya maneno, na nafasi yake hutumika kutenga vishazi. Programu inalazimika kuwa na kamusi ili kujua neno linaishia wapi, na kamusi ikikosa neno jipya, mstari hukatwa vibaya. Hata kanuni ya kugeuza mwisho wa mstari kuwa nafasi, ambayo kwetu ni ya kawaida, kwa Kichina ni kosa: kwa miaka mingi aya iliyoandikwa kwa mistari mifupi katika faili ya HTML ilionekana kwenye kivinjari ikiwa na mianya katikati ya sentensi.

Kiswahili kinakaa katikati. Tunatenganisha maneno kwa nafasi, lakini maneno yetu ni marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli. Safu nyembamba iliyosawazishwa kingo mbili, ikikutana na "wanaoyashughulikia" au "hawakuwasilishiana", haina budi kutanua weupe wa mstari uliotangulia mpaka uchukize, isipokuwa neno likubali kukatwa. Kwa bahati nzuri ni vigumu kupata lugha iliyo rahisi zaidi kukatwa. Frank Liang, mwanafunzi mwingine wa Knuth, alibuni katika tasnifu yake ya mwaka 1983 namna ya kueleza mikato kwa ruwaza zenye tarakimu: tarakimu witiri inaruhusu kukata, shufwa inakataza, na kubwa huishinda ndogo. Kiingereza kilihitaji maelfu ya ruwaza hizo. Kwa Kiswahili, a1, e1, i1, o1 na u1, yaani ruhusa ya kukata baada ya irabu, zinamaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na konsonanti kama ch, ny, mb au ng zinabaki nzima bila kutajwa. Kinachobaki ni maneno ya mkopo: ruwaza za mtindo wa 2k1t na 2b1d kwa ajili ya daktari na labda, pamoja na zenye kipaumbele cha juu za kuzuia kukata kati ya irabu mbili, ambako silabi inaruhusu lakini jicho linakataa.

Hatari iko katika kutumia ruwaza za lugha nyingine bila kujua. Kiingereza huona kawaida kupasua kati ya n na g, na hati ya Kiswahili iliyotangazwa kuwa ya Kiingereza inaweza kuletewa "wan-gu" badala ya "wa-ngu". Kwenye tovuti, hyphens: auto haifanyi kazi mpaka ukurasa utaje lugha yake, na kwa lang="sw" kivinjari kisicho na kanuni za Kiswahili hakitakata chochote, jambo ambalo ni heri kuliko kukata kwa kanuni za wengine. Ng' inataka uangalizi wake. Kanuni za Unicode huichukulia ritifaa kuwa alama ya nukuu na hazikati upande wowote wake, lakini programu inayotafuta maneno ya kukata kwa kistari ikiichukulia vivyo hivyo, italiona neno "waling'ang'ania" kuwa vipande vitatu visivyohusiana.

Baada ya yote hayo hati hugeuzwa PDF, na hapo linatokea jambo ambalo wapenzi wa TeX hatupendi kulizungumzia. Gundi ilifanikiwa sana kuirithi nafasi kiasi kwamba fonti za Computer Modern hazina hata umbo la alama ya 32. Katika PDF iliyotoka TeX kwa njia ya kawaida, kati ya neno na neno hakuna kitu. Kuna agizo tu la kusogea kulia kwa kiasi fulani kabla ya kuchora herufi inayofuata. Upana umehifadhiwa kwa usahihi wa ajabu, ruhusa ya kukata imekwisha kutumika, na kazi ya kwanza kabisa, kutenganisha maneno, imeachwa bila mwenyewe. Programu ya kunakili, ya kutafuta, au ya kumsomea kwa sauti mtu asiyeona hulazimika kupima mianya na kukisia. Mstari uliobanwa sana huweza kuyaunganisha maneno yake, na kichwa cha habari kilichotawanywa herufi huweza kusomwa herufi moja moja. pdfTeX, aina ya TeX inayotoa PDF moja kwa moja, ilikuja kuongezewa amri ya \pdfinterwordspaceon, ambayo hupenyeza nafasi bandia kati ya maneno bila kubadilisha sura ya ukurasa, na ningependa iwe imewashwa tangu mwanzo badala ya kungoja mtu aisikie.

Vistari vya mwisho wa mstari vina shida ya namna hiyo hiyo. Kistari kilichowekwa na programu ili kulikata neno, na kile kilichoandikwa na mwandishi kwa makusudi, huchorwa kwa umbo moja, na anayenakili aya kutoka kwenye safu nyembamba hupata maneno yaliyovunjika ambayo hakuna utafutaji utakaoyapata. Kiwango cha PDF, katika sehemu inayohusu hati zenye muundo uliotajwa, kinaelekeza kwamba kistari kilichozaliwa na ukataji wa mstari kitambulishwe kama U+00AD, yaani kistari laini, ili programu inayosoma ijue kukiondoa na kuyaunganisha mapande ya neno. Programu nyingi zinazotengeneza PDF hazifanyi hivyo. Kwa hati ninazojua zitatafutwa na kunakiliwa zaidi ya kuchapishwa, nimeacha kuruhusu vistari, na ukingo wa kulia nauacha bila kusawazishwa.